Anayeungua na Anayeunguza

Juu ya meza yangu ya kuandikia kuna kipande cha chuma chenye umbo la kofia ndogo, masikio mawili yenye matundu ya skrubu, na vijiti viwili vinavyochomoza chini kama meno. Wajukuu wangu hukichezea wakidhani ni sehemu ya gari. Mimi hukitumia kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo. Ni transista iliyokufa. Imekaa nami tangu mwaka 1993, na sijawahi kufikiria kuitupa, kwa sababu kila ninapoitazama hunikumbusha swali ambalo mtu wa kazi yangu alipaswa kulijua mapema, nami nikalijua nikiwa nimekwisha kufanya madhara: kitu kikiungua, tumlaumu nani? Aliyeungua, au aliyemuunguza?

Msomaji mpenzi, huenda ukasema swali hili ni jepesi. Nami nilisema hivyo. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na wakuu wa vyuo hawakosi majibu. Lakini subira, nikusimulie kwanza habari ya chombo chenyewe, kisha tutarudi kwa wanadamu.

Transista ilibuniwa mwezi wa Desemba mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani. John Bardeen na Walter Brattain ndio walioifanya ifanye kazi kwa mara ya kwanza, na mwenzao William Shockley akaiendeleza. Wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956. Kazi yake waweza kuilinganisha na bomba la maji: mkono mdogo unaozungusha koki waweza kuruhusu au kuzuia mkondo mkubwa ambao mkono wenyewe usingeweza kuusukuma. Sauti dhaifu inayotoka kwenye maikrofoni ndiyo mkono. Umeme mwingi unaokwenda kwenye spika ndio maji. Hivyo ndivyo mtu mwenye sauti ndogo anavyosikika uwanja mzima.

Lakini hakuna kazi isiyo na jasho. Transista ya amplifaya, hata ikiwa nzima kabisa, hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Ndiyo maana hufungwa kwenye bati nene la alumini lenye mapezi, ili joto litoke na kwenda hewani. Kati ya transista na bati hilo huwekwa kikaratasi chembamba cha ulanga, kuzuia umeme huku kikipitisha joto, na hupakwa dawa nyeupe mithili ya dawa ya meno ili pasibaki nafasi ya hewa. Joto basi si ugonjwa. Joto ni jasho la kazi. Ugonjwa ni joto lisilopata pa kwenda, au linaloongezeka bila kazi kuongezeka.

Naomba uyashike maneno hayo, maana nitayarudia.

Chuo nilichokuwa nikikiongoza kilikuwa na amplifaya moja tu, nayo ilikuwa fahari yetu. Ilitumika kwenye gwaride la asubuhi, michezoni, na siku ya mahafali. Mwezi wa Machi mwaka 1993 ilinyamaza ghafla. Panya walikuwa wametafuna waya wa spika ya nje, nyaya mbili zikagusana, na transista mbili kubwa zikaungua. Hapo hapakuwa na fumbo lolote. Tulibadilisha waya, tukaipeleka amplifaya kwa fundi mmoja mjini, akatia transista mpya, akaijaribu kwa dakika chache mbele ya mtunza stoo wetu, ikalia vizuri. Tulimlipa tukamshukuru.

Siku ya michezo, baada ya saa moja na nusu hivi, ikanyamaza tena. Ikarudishwa kwa fundi yule yule, naye akasema transista za siku hizi ni za bandia, akatia nyingine. Hakuwa mwongo. Ni kweli kwamba transista za kughushi zimekuwapo sokoni miaka mingi, ganda la nje likiwa la jina maarufu, lakini ndani limetiwa kipande kidogo kisichoweza kubeba mzigo ulioandikwa. Tulimwamini. Kisha ikafika siku ya mahafali. Mgeni rasmi alikuwa katikati ya hotuba yake, anasema juu ya wito wa ualimu, tukasikia mlio kama wa mbuzi anayekabwa, halafu kimya, na moshi mwembamba ukatoka mezani kwa fundi mitambo wetu. Wanachuo walicheka. Mimi sikucheka.

Mara hii nilimwita fundi mwingine, mzee wa makamo aliyejifunza kazi hiyo jeshini na aliyekuwa na kibanda chake nyuma ya soko. Nilitaka aje afanyie kazi chuoni, mbele ya macho yangu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kudanganywa. Alikuja jioni na mfuko wa turubai, akaketi kwenye meza ya maabara. Nilimwambia, "Fundi, tatizo ni transista. Kila zikitiwa zinaungua. Tafuta zilizo imara."

Akanitazama kwa heshima, akasema, "Mwalimu, ngoja kwanza. Moja ikiungua, naweza kusema ilikuwa mbovu. Ya pili nikaitia mahali pale pale ikaungua, naanza kupatazama mahali. Ya tatu ikiungua, siitazami tena transista."

Nilinyamaza, ingawa moyoni niliona kama ananifundisha mimi mwalimu.

Alifanya mambo matatu ambayo nimeyakumbuka hadi leo. Kwanza, baada ya kutia transista nyingine, hakuichomeka amplifaya moja kwa moja kwenye umeme. Alichukua balbu ya kawaida ya wati 60 akaifunga njiani, hivi kwamba umeme wote uendao kwenye amplifaya lazima upite kwanza ndani ya balbu. Akanieleza: kama ndani kuna hitilafu kubwa inayovuta umeme kwa pupa, balbu itawaka kwa nguvu, na amplifaya itapata umeme kidogo tu usioweza kuunguza kitu. Kama ndani ni salama, balbu itawaka mara moja kisha ififie. "Hii," alisema, "inaniwezesha kuuliza swali bila kuua anayeulizwa."

Balbu iliwaka, ikafifia. Mimi nilidhani kazi imekwisha. Yeye akavuta kiti.

Pili, alisubiri. Aliweka ncha za mita kwenye rezista ndogo iliyo karibu na transista moja, ili ajue mkondo kiasi gani unapita, na akaniomba tusiweke muziki wala kusema kitu kwenye maikrofoni. Amplifaya ikae kimya tu. Tulikaa. Mshale wa mita ulianza kupanda polepole. Hapakuwa na sauti hata moja iliyotoka kwenye spika, hapakuwa na kazi yoyote, na bado mshale ulipanda. Baada ya kama dakika ishirini ulikuwa umepanda zaidi ya mara tatu, na waya wa balbu iliyokuwa imefifia ukaanza kuwa mwekundu. Fundi akazima.

Tatu, alitumia kidole. Aligusa bati la alumini akauondoa mkono upesi. Lilikuwa la moto. Kisha akagusa kitu kidogo kama punje ya mpunga yenye miguu miwili ya waya, kilichokuwa kikining'inia hewani pembeni ya bati. Akakishika kwa vidole viwili bila wasiwasi. Akacheka kidogo, akasema, "Huyu hapa. Huyu amepoa kabisa."

Ilikuwa dayodi. Sasa naomba nieleze kazi yake, maana hapa ndipo penye kiini.

Transista ya silikoni huhitaji volti kiasi cha 0.65 ili ianze kufunguka. Lakini tabia yake ni kwamba kadiri inavyopata joto, ndivyo inavyofunguka kwa urahisi zaidi: kila joto likipanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, volti inayotosha kuifungua hupungua kwa takriban milivolti 2. Ikipata joto nyuzi 50 zaidi, ile iliyotaka volti 0.65 sasa yatosheka na 0.55. Basi kama wewe uliye nje unaendelea kuipa 0.65 ile ile, umekwisha kuipa zaidi ya inavyohitaji, bila kujua na bila kubadilisha chochote. Itafunguka zaidi, ipitishe mkondo zaidi, ipate joto zaidi, na kwa joto hilo ifunguke zaidi tena. Moto unajipulizia mwenyewe. Wajuzi wanauita mwendo huu kwa jina lao. Mimi nauita farasi aliyekata hatamu.

Ili kumzuia farasi huyo, waliosanifu amplifaya waliweka dayodi. Nayo ina tabia ile ile ya kulegea kwa joto. Ikibanwa kwenye bati lile lile la transista, hupata joto pamoja nayo, na kwa kulegea kwake hupunguza ile volti inayopelekwa kwenye transista. Yaani yule anayeipa transista amri huwekwa mahali ambapo lazima ahisi joto la anayeamriwa. Transista ikichemka, amri hupungua yenyewe. Ni mpango wa hekima kubwa, na haugharimu zaidi ya punje ile.

Yaelekea fundi wa kwanza, alipofungua bati mwezi wa Machi ili atoe transista zilizoungua kwa sababu ya panya, aliichomoa dayodi kutoka kwenye kibano chake, na alipomaliza hakuirudisha. Aliiacha ikining'inia. Huenda alikuwa na haraka. Huenda hakujua. Mita isingemwonyesha chochote, kwa kuwa dayodi ilikuwa nzima na waya zake zote zilikuwa mahali pake. Ilikuwa imeunganishwa kwa umeme. Haikuwa imeunganishwa kwa joto. Kwenye meza ya fundi, kwa dakika chache, kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye uwanja, kwa saa nzima, ilikuwa inatoa amri za asubuhi yenye baridi kwa transista iliyokuwa inateketea.

Fundi wangu aliipaka dawa nyeupe, akaibana mahali pake, akawasha tena. Mshale ulipanda kidogo, halafu ukatulia. Tulikaa nusu saa tukiutazama. Haukusogea. Niliomba nibaki na transista moja kati ya zile zilizokufa, naye akanipa akishangaa kidogo.

Usiku ule nilirudi ofisini. Juu ya meza yangu kulikuwa na taarifa niliyokuwa nimeianza mchana, nikiomba mkufunzi wa hesabu ahamishwe. Alikuwa msichana mwenye bidii, amefika chuoni miezi saba iliyopita. Wiki ile alikuwa ametoka darasani katikati ya kipindi akilia, na wanachuo wakasambaa. Nilikuwa nimeandika kwamba "hana uwezo wa kuhimili majukumu ya chuo". Nikaketi, nikachukua kalamu nimalizie, kisha sauti ya fundi ikanijia: ya tatu ikiungua, siitazami tena transista.

Kwa maana alikuwa wa tatu.

Wa kwanza alikuwa mkufunzi wa hesabu mwaka 1991 na 1992. Mtu mpole kwa asili, mwenye mwandiko mzuri ubaoni. Siku moja, mbele ya darasa zima, alimpiga mwanachuo kwa rula ya ubao akampasua juu ya jicho. Niliitisha kikao, nikaandika barua kali kwa wakubwa wangu, akafukuzwa kazi. Wa pili alikuja akiwa na sifa njema, na baada ya miezi minane alikuwa anakunywa pombe mchana na kukosa vipindi. Nikaomba ahamishwe, akahamishwa. Huyu sasa wa tatu. Kila mara nilisema maneno ambayo fundi wa kwanza alisema: walimu wa siku hizi ni bandia.

Nilifungua jalada la mgawanyo wa kazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa nia ya kujishitaki. Nafasi ile ilikuwa ya watu wawili. Mmoja aliondoka mwaka 1991, miaka ya kubana matumizi ya Serikali, na hakuletwa mwingine. Nikamwambia aliyebaki ashike nafasi zote mbili "kwa muda". Vipindi 32 kwa wiki, ratiba ya chuo kizima, ulezi wa bweni, na usimamizi wa mazoezi ya kufundisha katika shule ambazo nyingine alizifikia kwa baiskeli. Muda ule ulikuwa umetimiza miaka miwili na mimi nilikuwa nimekwisha kuusahau. Karatasi ya kazi ilisema mtu mmoja anaweza. Lakini hata transista ina karatasi yake. Ile iliyo mezani kwangu, yenye namba 2N3055, imeandikiwa kwamba yabeba wati 115. Ukisoma vizuri utaona ni pale tu ganda lake likiwa na joto la nyuzi 25. Kadiri ganda linavyopata moto ndivyo inavyoruhusiwa kubeba kidogo zaidi, na likifika nyuzi 200 haitakiwi kubeba hata wati moja. Sisi wakuu tunasoma namba kubwa, hatusomi sharti lililoandikwa pembeni yake.

Hata hivyo mzigo haukuwa jambo lililonitoa jasho. Mizigo ilikuwa mizito kila mahali miaka ile, na walimu wengi waliibeba bila kumpasua mtu. Jambo lililonitoa jasho lilikuwa dayodi.

Mkuu aliyenitangulia alikuwa na desturi ya kuketi na wakufunzi kila Jumamosi jioni chini ya mwembe, bila ajenda na bila mwandishi. Chai na karanga tu. Nilipochukua uongozi niliifuta desturi ile. Niliona ni kikao cha manung'uniko na kupoteza wakati. Nikaweka utaratibu wa kisasa: mwenye shida aandike, ampe katibu muhtasi, barua itanifikia, nitajibu. Na kweli zilinifikia na nilizijibu zote. Nilikuwa nimeunganishwa na kila mtu kwa waya. Ukinipima kwa mita ungeniona mzima. Lakini nilikuwa nikining'inia hewani, nimepoa kabisa, nikitoa amri zile zile kwa watu waliokuwa wanaungua.

Sasa nijibu pingamizi ambalo najua umekwisha kuliandaa, maana ni pingamizi zito nami nimelipigania mwenyewe kwa miaka. Utasema: mwalimu, transista haina hiari. Haichagui kuungua. Binadamu huchagua. Walikuwapo walimu wangapi wenye mizigo kama ile ambao hawakuinua rula? Ukianza kumtafutia kila mkosaji waya uliolegea, basi hakutakuwa na kosa tena duniani, kutakuwa na hitilafu tu. Mwizi atasema ni njaa, mlevi atasema ni huzuni, na yule kijana aliyepasuliwa juu ya jicho ataambiwa na nani pole?

Nakubali. Tena nakwenda mbali zaidi: huruma inayofuta kosa ni aina ya dharau. Ukimwambia mtu mzima kwamba hakuwa na namna ila kufanya alivyofanya, umemwondoa katika kundi la watu ukamweka katika kundi la vyombo. Na vilevile lazima nikubali kwamba transista mbovu zipo. Wapo watu ambao ukiwaweka mahali penye baridi, wenye mzigo mwepesi na mkuu mwema, bado watadhuru wenzao.

Lakini tazama kosa lilipo katika hoja hiyo. Inadhani kwamba lawama ni kama mkate mmoja: nikikata kipande nikimpa mkuu, kipande cha mkufunzi kinapungua. Sivyo. Lawama haigawanywi, kila mmoja hubeba yake nzima. Mwenye rula ana rula yake. Mwenye kufuta kikao cha mwembe ana mwembe wake. Mimi nilimhukumu mwenye rula kwa haki, na kwa kufanya hivyo nikajidhani nimemaliza hesabu, kumbe nilikuwa nimefanya swali la kwanza tu. Swali la kwanza huuliza: nani alifanya? La pili huuliza: atakayekuja kukaa mahali hapa atapatwa na nini? Hakimu aweza kuishia kwenye la kwanza. Mkuu wa shule, baba wa nyumba, mwenye kuongoza watu wowote, haruhusiwi. Akiishia hapo atakuwa anatia transista mpya kila mwaka na kulalamika juu ya viwanda.

Na je, tutatofautishaje transista mbovu na mahali pabovu? Kanuni ya fundi yanitosha, ingawa ni ya gharama, kwa kuwa inataka watatu waungue kabla hujajua. Ndiyo maana naipenda zaidi ile balbu. Kabla ya kumhukumu mtu aliyeanza kutoa moshi, kuna njia ya kuuliza swali bila kumuua. Mpunguzie mzigo kwa mwezi mmoja. Keti naye wakati hakuna kazi yoyote, kimya, uone kama joto linapanda hata hivyo. Huko si kusamehe wala si kuadhibu. Ni kupima. Wengi wetu tuna njia mbili tu, kufumba macho au kufukuza, kwa sababu hatukuwahi kufunga balbu njiani. Na wale walio wema kidogo huleta feni: huwapa watu sifa kwenye mahafali, zawadi ya kanga au shuka, maneno ya kutia moyo. Feni si mbaya kwa joto la kazi. Kwa joto la farasi aliyekata hatamu, feni huahirisha tu siku ya moshi.

Sikuituma ile taarifa. Nilichukua vipindi vinane vya hesabu nikavifundisha mwenyewe, ulezi wa bweni nikampa mwingine, na Jumamosi iliyofuata nikawaita wakufunzi chini ya mwembe. Walikuja kwa mashaka, wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua. Ilichukua wiki tano kabla mmoja hajasema neno la kweli. Yule msichana alibaki, na alikuwapo bado nilipohamishwa mwaka 1999. Sitasema hakuwahi kukasirika tena. Joto lilipanda kidogo, likatulia, na kwa mtu anayefanya kazi hilo latosha.

Ningependa habari iishie hapo, maana hapo naonekana mwema. Lakini kuna yule wa kwanza.

Nilikutana naye mwaka 2006 kwenye stendi ya mabasi ya mji mwingine. Alikuwa anauza madaftari na kalamu kwenye meza ya mbao, ndevu zimeingia mvi. Mwandiko wa bei zake ulikuwa ule ule mzuri. Tulisalimiana. Mimi ndiye niliyeanza, nikamwambia habari ya amplifaya, dayodi, na jalada la mgawanyo wa kazi, yote kwa pamoja kama mtu anayetua mzigo. Nilitaka anisamehe, na nadhani nilitaka pia anisifu kwa kuelewa.

Alisikiliza hadi mwisho huku akipanga madaftari. Kisha akasema, "Mkuu, nilimpiga mtoto wa watu. Hilo ni langu, usinichukulie." Akanyamaza kidogo. "Lakini nilikuja ofisini kwako mara tatu mwaka ule. Mara zote tatu niliambiwa niandike."

Sikuwa na la kujibu. Nilinunua madaftari manne ambayo sikuyahitaji. Alinirudishia chenji kamili.

Nimeyafikiria maneno yale kwa miaka mingi, na naona alisema kwa sentensi chache yote ambayo mimi nimehitaji kurasa kadhaa kuyasema. Alikataa nimnyang'anye kosa lake, kwa sababu lilikuwa sehemu ya utu wake. Na hakukubali kosa lake lifunike langu. Alimpa kila mmoja mkate wake mzima.

Nilistaafu mwaka 2010. Baadhi ya niliowafundisha sasa ni wakuu wa shule, na wakija kunitembelea huniuliza siri ya uongozi. Huwa sina siri. Huwapa ile transista waishike mkononi, wahisi uzito wake na ubaridi wake, maana iliyokufa haina joto tena. Kisha huwauliza: nyuma ya shule yako, chini ya mti gani wakupata bila kuandika barua? Wengine hujibu upesi. Wengine hunyamaza, nami huwaacha wanyamaze.